Kubonyeza si Kuwasha: Uhakiki wa Uhalisia wa Kuwashwa kwa Injini ya Turbini katika Programu za Mwigo wa Helikopta, kwa Kuzingatia Mazingira ya Kisinga, Kasese

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za kompyuta za mwigo wa urukaji zinavyosawiri kuwashwa kwa injini ya turbini ya helikopta. Hoja kuu ni kwamba programu nyingi zinazosifiwa kuwa "halisi" zimeiga vifungo vya chumba cha rubani kwa uaminifu mkubwa, huku zikiliacha tendo lenyewe la kuwasha likiwa halina hatari. Mazingira ya Kisinga na wilaya nzima ya Kasese, magharibi mwa Uganda, yanatumika kuonesha ni nini hupotea mwigo unapodhani kwamba kila injini huwashwa kwenye hewa ya wastani, kwa betri isiyochoka. Makala yanagusia pia suala la istilahi za Kiswahili na yale ambayo taasisi za mafunzo zinapaswa kuyapima kabla ya kununua programu hizo.

Utangulizi

Neno "halisi" limetumika mno katika matangazo ya programu za mwigo wa urukaji, hata maana yake imefifia. Kwa mtengenezaji, mara nyingi humaanisha kwamba kila swichi inayoonekana kwenye picha inaweza kubonyezwa. Kwa mnunuzi, humaanisha kwamba kuwasha injini kunachukua dakika kadhaa badala ya sekunde moja. Ugumu umechukuliwa kuwa ndio uhalisia. Wahakiki wa fasihi wanaujua mkanganyiko huu tangu zamani. Georg Lukács, katika insha yake ya mwaka 1936 kuhusu kusimulia na kueleza, aliwalaumu waandishi waliorundika maelezo ya vitu bila kuvifunga vitu hivyo na hatima ya wahusika. Kitu kikiwa kimeelezwa kwa kina lakini hakibadilishi lolote katika maisha ya mtu, hoja yake ilikuwa, kinabaki pambo. Hoja hiyo iliandikwa kuhusu riwaya, lakini inaukaa vizuri mwigo wa helikopta. Swichi ambayo haiwezi kumtia rubani matatani ni pambo, hata ikichorwa kwa usahihi wa milimita.

Kisinga si mahali ambapo msomaji angetarajia mjadala huu uanzie. Ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, penye Hospitali ya Kagando, chini ya milima ya Rwenzori ambayo kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Lakini ni mahali ambapo helikopta ina maana. Mnamo Mei 2020 mito inayoshuka kutoka milimani, ukiwemo Nyamwamba, ilivunja kingo zake. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na madaraja yakakatika. Ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Kongo, helikopta za Umoja wa Mataifa zimekuwa sehemu ya anga kwa zaidi ya miongo miwili. Kwa eneo la namna hii, swali la nani atafunzwa kurusha helikopta, na kwa vifaa gani, linahusu barabara zinapofungwa na mgonjwa akiwa upande usiofaa wa mto.

Kinachotokea ndani ya injini

Ili kuhakiki mwigo, sharti kwanza ijulikane kinachoigwa. Mfano mzuri ni injini ya familia ya Allison 250-C20, ambayo leo huitwa Rolls-Royce M250, inayotumika katika Bell 206. Ni injini ndogo, imeenea duniani kote, na katika matoleo hayo ya zamani rubani ndiye anayepima mafuta kwa mkono wake.

Rubani anabonyeza stata. Betri inazungusha kompresa, na mlio mwembamba unaanza kupanda. Chini yake husikika mdundo wa plagi ya cheche, tik, tik, tik. Jicho liko kwenye geji ya kasi ya kompresa, iitwayo N1. Hakuna mafuta bado. Kwenye hewa yenye joto zaidi ya nyuzi 7, kasi inapaswa kufika asilimia 15. Kwenye baridi ya kati ya nyuzi 7 na 18 chini ya sifuri, asilimia 13 hutosha. Ndipo rubani anafungua mafuta kwa kuzungusha mshiko ulio kwenye wenzo wa mkono wa kushoto, mithili ya dereva wa bodaboda anavyozungusha mkono wa eksileta. Moto unashika. Jicho linahama kutoka N1 kwenda kwenye geji ya joto la gesi. Joto linaruka. Hapa ndipo sekunde huhesabiwa: joto likipita nyuzi 810, lisikae huko zaidi ya sekunde 10, na nyuzi 927 ni kilele cha sekunde 1 tu. N1 ikifika asilimia 25, mapanga makubwa yawe yameanza kuzunguka. Ikifika 58, stata inaachwa. Injini imewaka.

Ufupi wa simulizi hii unaficha jambo la msingi. Moto umewashwa kabla injini haijaweza kujipoza yenyewe. Hewa inayopita kwenye kompresa ina kazi mbili: kuchoma mafuta na kupoza kuta za chumba cha mwako. Kama hewa ni kidogo, kwa sababu kompresa inazunguka polepole, mafuta yaleyale huzaa joto kubwa zaidi, na turbini inaweza kuungua ndani ya muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii. Kinga ya rubani ni kufunga mafuta mara moja huku akiendelea kushikilia stata ili hewa iendelee kupita. Tendo hilo la pili linapingana na silika. Mtu akiona hatari huachia kila kitu. Hapa anatakiwa aachie kimoja na kung'ang'ania kingine. Mafunzo ya kuwasha turbini, kwa kweli, ni mafunzo ya kuacha kuwasha.

Lipo jambo jingine ambalo mwigo hafifu hulikosea waziwazi. Katika injini hii turbini inayoendesha kompresa na ile inayoendesha mapanga hazijaunganishwa kwa shafti moja. Zinaunganishwa na mkondo wa gesi tu. Ndiyo maana mapanga huchelewa. Programu inayoyazungusha mapanga papo hapo stata inapobonyezwa imeiga feni ya umeme.

Programu na ahadi zake

Microsoft Flight Simulator iliingiza helikopta mara ya kwanza katika toleo lake la 98, na helikopta hiyo ilikuwa Bell 206. Vizazi vya wapenzi wa programu hizi viliifahamu turbini kupitia mfano huo. Lakini humo, kama ilivyo katika nyingi zilizofuata, kulikuwa na njia ya mkato ya kibodi iliyowasha injini nzima kwa mguso mmoja. Njia ya mkato si dhambi. Mwalimu anayetaka kufundisha kuelea angani hana haja ya kupoteza muda wa somo akiwasha injini. Tatizo ni kwamba njia ndefu, katika programu nyingi, haikuwa na tofauti ya kimsingi na ile fupi: ilikuwa njia ya mkato iliyogawanywa vipande.

Toleo la Agosti 2020 la programu hiyohiyo lilitoka bila helikopta hata moja. Zilipokuja, Novemba 2022, zilikuwa mbili: Guimbal Cabri G2, yenye injini ya pistoni, na Bell 407, yenye turbini. Uchaguzi huu wa pili unastahili kuchunguzwa kuliko ulivyochunguzwa. Injini ya Bell 407 ina kompyuta yake inayopima mafuta wakati wa kuwasha. Rubani bado ana wajibu wa kutazama geji na kukatisha, lakini kile kiganja kinachofungua mafuta kidogokidogo, kikisubiri joto liamue, hakipo tena. Kwa hiyo mfano wa turbini unaokuja ndani ya programu maarufu kuliko zote ni ule ambao ndege yenyewe imekwisha kumpunguzia rubani mzigo. Hilo si kosa la mtengenezaji. Ndege za kisasa ndivyo zilivyo. Kosa ni la taasisi inayochukulia kwamba mwanafunzi aliyewasha Bell 407 mara mia kwenye kioo ameandaliwa kwa Bell 206 ya mitumba, ambayo ndiyo anayoweza kuikuta kazini.

Upande mwingine zipo programu za kivita, hasa DCS World, ambamo Mi-8MTV2 na Mi-24P zimeigwa kwa kina kisichopatikana kwingi. Kwa Afrika Mashariki mifano hii ina uzito wa pekee, kwani ndege za ukoo huo ndizo zinazotumiwa na majeshi ya ukanda na shughuli za kulinda amani. Katika Mi-8MTV2 mwanafunzi hawashi injini kubwa moja kwa moja. Anawasha kwanza injini ndogo ya msaada, AI-9V, ambayo hutoa hewa ya shinikizo ya kuzungushia injini kuu, moja baada ya nyingine. Mpangilio huu unafundisha kitu ambacho orodha ya ukaguzi haiwezi kukisema kwa maneno yake makavu: kwamba kuwashwa ni mnyororo, na kila pete inavuta inayofuata. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo anaweza kueleza kwa nini injini ya pili imekataa. Aliyekariri vifungo atarudi mwanzo na kubonyeza upya.

FlightGear iko peke yake. Ni ya bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Kwa mhakiki hii ni neema, maana anaweza kufungua faili na kusoma jinsi kuwashwa kulivyoandikwa badala ya kukisia kutokana na mlio. Katika baadhi ya helikopta zake za awali kuwashwa ni skripti ya hatua: imezimwa, inawashwa, inazunguka. Muda ukipita, hatua hubadilika. Hakuna joto linalohesabiwa kutokana na hewa na mafuta. Kuna saa tu. Huenda programu nyingi za kulipia zimeandikwa vivyo hivyo, ila zao zimefungwa na hazisomeki. Anayeidharau FlightGear kwa sababu hiyo anaiadhibu kwa uwazi wake.

Tofauti inayojitokeza, basi, haiko baina ya programu rahisi na ngumu, bali baina ya mwigo wa ratiba na mwigo wa sababu. Katika mwigo wa ratiba, sindano ya joto hupanda kwa sababu muda wake wa kupanda umefika. Katika mwigo wa sababu hupanda kwa kuwa mafuta ni mengi kuliko hewa. Siku ambayo kila kitu kiko sawa, miwili hii inafanana kabisa kwa macho, na ndiyo maana video za kutangaza programu haziwezi kuitenganisha. Hutengana siku ya shida.

Kasese kama jaribio

Uwanja wa ndege wa Kasese, unaotambulika kwa herufi HUKS, uko takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari. Programu nyingi huanza na hewa ya wastani ya kimataifa: nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari, zikipungua kadiri mtu anavyopanda. Kwa kanuni hiyo Kasese ingekuwa na nyuzi kama 9. Yeyote aliyesimama katika mji huo saa saba mchana anajua kichekesho kilichomo. Tuseme joto ni nyuzi 30, jambo la kawaida kabisa: hewa hapo ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na hewa ya wastani ya pwani, na injini inajiona kama iko mita 1,700 hivi. Hewa pungufu wakati wa kuwasha ndiyo hasa mama wa joto lililopita kiasi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi bila kupakua hali halisi ya hewa, kwa kuwa intaneti ni ghali au haipo, anafanya mazoezi katika Kasese isiyokuwepo.

Hapa gharama za kidijitali zinaingia ndani ya fizikia. Programu ya Microsoft ya mwaka 2020 huvuta picha za ardhi kutoka kwenye hifadhi ya mbali yenye ukubwa wa zaidi ya petabaiti 2. X-Plane na FlightGear zinaweza kukaa kwenye kompyuta bila kuunganishwa. Mnunuzi wa taasisi ya Kampala huenda asione tofauti. Kwa mtumiaji wa Kisinga, ile yenye mandhari ya kupendeza ndiyo itakayomnyima mlima mtandao unapokatika, na ile yenye mandhari duni ndiyo itakayomruhusu aandike mwenyewe nyuzi 30 kwenye kisanduku cha hali ya hewa na kuendelea.

Kisha kuna betri. Hakuna kipengele kinachodharauliwa katika programu hizi kuliko betri, na hakuna kinachojulikana zaidi kwa watu wa barabara ya Mpondwe. Dereva wa lori anayekwenda mpakani anajua kwamba gari lenye betri dhaifu halizimwi mahali pasipo mteremko. Helikopta haina mteremko. Ikizimwa kwenye kiwanja cha shule ili mgonjwa apakiwe, itabidi iwashwe tena kwa betri yake yenyewe, pasipo mkokoteni wa umeme ambao viwanja vikubwa huwa nao. Betri iliyochoka huzungusha kompresa polepole. N1 inapanda kwa kusitasita, inafika asilimia 12, inasimama. Rubani yuko njia panda. Akifungua mafuta anaweza kuiunguza injini. Asipofungua, mgonjwa anabaki chini. Uamuzi sahihi unajulikana na umeandikwa. Kinachohitaji mazoezi ni kuufuata huku watu wakitazama.

Mwigo unaoweza kumweka mwanafunzi katika sekunde hizo una thamani kuliko ule unaomwonesha theluji ya Margherita ikimeta. Na kwa kuwa injini ya mwigo haigharimu kitu ikiungua, hapo ndipo programu inapoizidi hata ndege halisi, maana hakuna mkufunzi atakayemruhusu mwanafunzi aunguze turbini ili ajifunze. Ni ajabu, basi, kwamba ndicho kitu ambacho watengenezaji wengi wamekiacha. Sababu yaweza kuwa ya kibiashara: mteja aliyelipa hapendi ndege yake ikatae kuwaka.

Kuhusu urefu kutoka usawa wa bahari, ukanda una kumbukumbu chungu. Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta 3 za Mi-24 za jeshi la Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka kwenye Mlima Kenya. Ajali hiyo haikuhusu kuwasha injini, na haifai kutumiwa kuthibitisha lolote hapa isipokuwa hili: mwigo unaochukulia milima ya Afrika Mashariki kuwa picha ya nyuma hauwezi kuitwa wa kikanda.

Lugha ya kuwasha

Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi wa Kasese, ambaye nyumbani huzungumza Lukonzo na sokoni Mpondwe husikia Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, ana haki ya kuuliza kama lugha hiyo itamfikisha kwenye injini. Mawasiliano ya redio ya safari za kimataifa na orodha za ukaguzi zitabaki kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na hakuna sababu ya msingi ya kulipinga hilo. Lakini orodha haielezi sababu. Inasema "fungua mafuta", haisemi kwa nini asilimia 15 na si 12. Hapo ndipo mwalimu huingia, na mwalimu huyo anaweza kusema Kiswahili.

Ugumu ni istilahi. Kwa hali ya injini kuwaka kwa joto linalozidi kikomo hakuna neno lililosanifiwa na kuenea. Pendekezo la "mwako mkali" lina kasoro, kwani mwako unaweza kuwa mkali na ukawa salama. "Kuungua wakati wa kuwaka" linaeleza matokeo na kuacha chanzo. Afadhali "mwako pungufu wa hewa", ambalo linabeba sababu ndani yake, ingawa ni refu. Mafundi wa gereji wana maneno yao tayari kwa jamaa za matatizo haya, na wanaistilahi wanaosubiri kamati kabla ya kuwasikiliza wanajipunja. Neno "stata" limekwisha kukubaliwa na ulimi wa kila dereva. Kulibadilisha kuwa "kianzishi" katika mwongozo wa mafunzo ni kumtenga mwanafunzi na ujuzi alio nao.

Kinachopaswa kupimwa kabla ya kununua

Vifaa vya mwigo vya mafunzo rasmi ya helikopta vina viwango vyake; Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetenga juzuu ya pili ya Waraka 9625 kwa ajili hiyo. Programu zinazojadiliwa hapa, zikitumiwa kwenye kompyuta ya kawaida, haziko katika daraja hilo, na saa zake hazipaswi kuchanganywa na saa za leseni. Hata hivyo zitatumika. Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya kwanza, kiko mbali na Kisinga kwa barabara na kwa ada. Kompyuta iko karibu. Wakala wa Jumuiya unaosimamia usalama wa usafiri wa anga, wenye makao yake Entebbe, na mamlaka za kitaifa wana nafasi ya kutoa mwongozo wa matumizi haya yasiyo rasmi kabla hayajajitungia desturi zake mbovu.

Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu wa kutoka nje. Mtathmini aweke ndege Kasese, joto nyuzi 30, apunguze chaji ya betri, kisha afungue mafuta mapema, N1 ikiwa asilimia 8. Ikiwa injini itawaka kwa utulivu kana kwamba hakuna lililotokea, programu hiyo ni ya ratiba, na bei yake ijadiliwe kama bei ya mchezo. Ikiwa joto litapanda kupita kikomo, afunge mafuta na kuachia stata palepale, kisha arudie akiwa ameishikilia, aone kama sindano itashuka kwa namna mbili tofauti. Baada ya hapo aizime na kuiwasha upya bila kusubiri. Injini halisi hubaki na joto la mwako uliopita, na ndiyo maana Bell 206 huachwa izunguke polepole kwa dakika 2 kabla ya kuzimwa. Programu inayoanza kila mara kwenye ubaridi uleule haina kumbukumbu. Mwisho mtathmini aguse jambo ambalo wengi hulisahau: aunguze turbini makusudi, aifunge programu, aifungue kesho yake, na atazame kama ndege ileile inamsubiri ikiwa mpya.